Hatua Kumi za Odilia

Wiki iliyopita nilimwacha Odilia ameshika kitasa cha mlango, mkoba begani, kidevu juu, na nyinyi mkaniandikia barua za matusi. Mmoja wa Tandika ameniita muuaji. Haya, shikeni roho zenu.

Kitasa amekizungusha. Ametoka.

Kwa wewe uliyeazima gazeti leo kwa jirani, nitakusogezea kigoda upesi. Ni Mei 1998, mjini Guangzhou, ghorofa ya tatu ya Hoteli ya Lulu Nyekundu. Watu watatu wamekaa kuamua timu gani mbili mpya ziingie Ligi ya Raga ya Mto Lulu, raga ya wachezaji kumi na watatu, raga ya mshahara. Kiti cha kwanza wamekitoa asubuhi kwa chuo cha michezo cha hapo mjini, kabla hata chai haijapoa.

Kiti cha pili kinagombewa na timu mbili. Moja ni Marobota, vijana wetu wa mtaa wa Sanyuanli, wanaopandisha marobota ya nguo ghorofani mchana na kukimbiza mpira jioni nyuma ya maghala. Nyingine ni timu ya hoteli hiyohiyo ambamo kikao kinafanyika.

Na mwenye hoteli, Laoban Chen, yaani Bosi Chen, ni mmoja wa wale watatu wanaoamua. Msiniulize haki iko wapi. Mimi nasimulia tu, na nasimulia nikiwa nimeuma meno.

Mwenyekiti Kerrigan, Mwaustralia mwenye shingo nyekundu, aliwapa Marobota kiti pamoja na vibali sita vya kuishi na kufanya kazi. Odilia, meneja wa Marobota, mwanamke wa Bukoba, mnunuzi wa nguo, alitaka kumi. Kerrigan akasema sita. Odilia akasema, "Kumi, au basi," akanyanyuka.

Sasa sikia kinachouma. Nahodha wa Marobota ni Abeli, mdogo wake wa tumbo moja. Visa ya Abeli imebakiza siku tisa. Katika vile vibali sita, cha kwanza kilikuwa chake.

Basi dada mtu amechezea shilingi karibu na tundu la choo? Ndivyo mlivyoniandikia wengi. Lakini nyinyi hamjawahi kununua nguo soko la Shisanhang.

Pale Shisanhang, muuzaji akikutajia bei, unashika kichwa. Unasema, "Tai gui!", yaani ghali mno. Unaweka nguo chini, unaondoka. Huendi haraka wala hugeuki nyuma. Unatembea kama mtu aliyekumbuka kwamba ana duka jingine. Kabla hujafika hatua ya kumi utasikia nyuma yako, "Pengyou! Lai, lai!" Rafiki, njoo, njoo. Hapo unarudi, na bei imeshuka.

Odilia amefanya hivyo miaka minne. Kawaida yake ni hatua saba. Mara moja tu, kwa jinzi za watoto, walimwacha mpaka tisa, na siku hiyo alilowa jasho mgongoni.

Kwa hiyo alitaja kumi akitaka nane. Mlango aliuacha wazi kidogo nyuma yake, ili asikie akiitwa.

Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Zulia la koridoni lilikuwa jekundu, na mvua ilikuwa inapiga kwenye dirisha la mwisho. Hatua ya nne. Ya tano. Chini uani aliwaona vijana wake kumi na watatu wamejibanza chini ya turubai, wamevaa jezi za njano zenye alama yake mkononi, ODB, ileile anayoandika kwenye mizigo yake. Abeli alikuwa katikati yao.

Ya sita. Ya saba.

Kimya.

Ya nane. Odilia akapunguza mwendo. Akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Ya tisa.

"Madam! Madam, ngoja!"

Moyo ukamrudi mahali pake. Hakugeuka mara moja, maana anayegeuka upesi hupunjwa. Alihesabu mpaka tatu, ndipo akageuka taratibu.

Alikuwa Muthoni, katibu wa kamati, msichana Mkenya aliyeajiriwa kwa sababu ya Kiingereza chake na mwandiko wake. Ameshika mwavuli.

"Umesahau mwavuli yako."

"Wamesema ngapi?" Odilia aliuliza.

"Ngapi nini?"

"Vibali. Wamekutuma uniambie ngapi?"

"Hakuna mtu amenituma. Nimeona tu mwavuli kwa kiti, na huko nje kunanyesha vibaya." Muthoni akashusha sauti. "Aki, madam, mbona mmejitoa? Vijana walikuwa wameshapata."

"Nani amejitoa?"

"Marobota. Kerrigan ameniambia niandike. Nimeandika: saa kumi na dakika thelathini na mbili, Marobota wamejitoa."

Odilia aliuangalia ule mwavuli kana kwamba ndio uliomsemea maneno hayo.

Pale Shisanhang, mteja anayerudi mwenyewe hupandishiwa bei. Odilia alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akarudi hata hivyo, tena mbio.

*

"Nakubali sita," alisema, bado hajafika kwenye kiti.

Kerrigan alikuwa anakunja makaratasi. Hakuinua uso. "Mama, ulikataa. Ulisimama, ukatoka. Kwetu mtu akitoka, ametoka."

"Nilikuwa napatana!"

"Hapa si sokoni."

"Hapa si sokoni?" Odilia alicheka, cheko baya. "Mmekaa mnatupangia watu kama mafungu ya nyanya, halafu hapa si sokoni? Laoban Chen! Wewe umeuza nguo Shisanhang kabla hujajenga hii hoteli. Mwambie mwenzio nilikuwa nafanya nini."

Chen alikuwa mtu mnene, mpole wa sura, mwenye kikombe cha chai chenye kifuniko. Alifunua, akanywa, akafunika.

"Nilijua," alisema kwa kile Kiingereza chake cha dukani. "Mlango uliuacha wazi. Nilikuwa nahesabu hatua zako. Umefika tisa. Umetembea vizuri sana."

"Sasa mbona hukuniita?"

"Muuzaji humwita mteja kama hana mteja mwingine."

Msomaji wangu, kuna majibu ambayo huwezi kuyajibu kwa sababu ungekuwa wewe ungesema hivyohivyo. Odilia akamgeukia mtu wa tatu.

Mtu wa tatu ni Zubeir. Mnamkumbuka: Mzanzibari, wakala wa kontena pale Sanyuanli, aliyewekwa kwenye kamati kuwawakilisha wafanyabiashara wageni. Odilia na Zubeir wameshachangia kontena mara sita. Mizigo yao imelaliana baharini mpaka Dar es Salaam bila kugombana hata siku moja. Na kanuni ilikuwa wazi: mjumbe mmoja tu akiomba, shauri hufunguliwa upya, mradi saa kumi na moja haijagonga.

"Bwana Zubeir," alisema Odilia. "Omba lifunguliwe."

Zubeir aliangalia peja yake, ambayo haikuwa imelia.

"Bwana Zubeir, nasema na wewe."

"Dada Odilia, wallahi mie sina la kusema."

"Huna la kusema au umezibwa mdomo? Wamekuziba na nini? Kontena ngapi?"

"Usinitukane mbele za watu."

"Nitakutukania wapi, msikitini kwako? Wale vijana wako chini, wananyeshewa. Ni wewe uliyewaambia waje na jezi ili wapigwe picha. Ulisema kiti ni chetu!"

"Nilisema nikiwa sijui jambo." Zubeir alijifuta uso kwa leso. "Kaa kitako. Mwache mwenyekiti asome orodha ya hoteli, kisha utanielewa. Ukitaka kunitukana baada ya hapo, mie nipo."

Odilia hakukaa. Kerrigan akachukua karatasi, akavaa miwani, akaanza kusoma majina ya wachezaji wageni wa timu ya hoteli, wale sita wa vibali.

"Nahodha. Abeli Rwegoshora. Mtanzania. Miaka thelathini na miwili."

Mvua iliendelea kunyesha. Muthoni aliacha kuandika.

"Kuna akina Abeli wengi," Odilia alisema.

"Pasi namba..." Kerrigan akasoma tarakimu, moja baada ya nyingine.

Odilia hakuhitaji kuangalia popote. Namba hiyo aliijua kwa moyo. Kila fomu ya Abeli, tangu aliposhuka Guangzhou miaka miwili iliyopita, ameijaza yeye kwa mkono wake, kwa sababu Abeli mwandiko wake haumridhishi afisa yeyote.

"Amesaini lini?"

"Jumatano," alisema Kerrigan.

Kikulacho ki nguoni mwako. Walioisema walikuwa na ndugu.

*

Sasa Zubeir alikuwa na la kusema, na alilisema haraka, kwa Kiswahili, ili wale wawili wasifuate.

"Alinijia Jumanne mchana. Mtu mzima yule, na mwili wote ule, analia ofisini kwangu kama kafiwa. Akanambia, 'Bwana Zubeir, visa yangu imebakiza siku kumi na mbili. Dada yangu namjua. Dada atapatana mpaka duka lifungwe.' Nnakwambia alivyosema. Jumatano nikampeleka kwa Chen. Chen kamtaka siku nyingi, hana mchezaji wa kufika magotini mwa Abeli. Ningefanya nini mie? Nimwache arudishwe kwao mikono mitupu?"

"Ungeniambia mimi."

"Kaniapisha." Zubeir akainua macho kwa mara ya kwanza. "Na nikuulize, dada yangu. Leo hivi, saa kumi na nusu, ulipofika hatua ya tisa na hakuna aliyekuita... kakosea?"

Ningependa kuwaambia kwamba Odilia alimzaba kofi. Wengi wenu mngefurahi. Hakumzaba.

Kwanza aliona aibu. Halafu, na hili naliandika wazi kwa sababu nimeahidi kusema kweli katika hadithi hii ya uongo, ikampitia furaha. Ndogo, ya haraka, kama mtu aliyeona mwizi ameacha redio. Abeli amepona! Hatarudishwa. Mama kule Bukoba hatapokea mtoto aliyefukuzwa.

Halafu akawakumbuka wale kumi na wawili chini ya turubai, na furaha ikageuka uchungu mdomoni.

Kumi na wawili hao walikuwa wameambiwa na Abeli mwenyewe, Jumapili, baada ya mazoezi, "Tunaingia wote au hatuingii." Ndiyo maana Odilia alitaja kumi, ili waingie wengi kadiri iwezekanavyo. Ndiyo maana hakuchukua sita akafunga mdomo. Maneno yalikuwa ya nahodha. Dada aliyabeba tu, akayapeleka sokoni, na mwenye maneno alikuwa ameshauza upande wa pili.

"Andika," Kerrigan alimwambia Muthoni. "Kiti cha pili, timu ya hoteli."

Muthoni hakuandika.

"Madam," alisema polepole, kwa Kiingereza, "hiyo orodha yako iko wapi?"

"Orodha gani?" aliuliza Kerrigan.

Hapo ndipo Laoban Chen, kwa mara ya kwanza siku nzima, alisahau kufunika kikombe chake.

*

Nitawaeleza, tena mara moja tu.

Kila timu huandika orodha ya wachezaji wake, kila mchezaji anaweka saini yake. Katibu huikagua na kuigonga mhuri wa tarehe. Meneja hurudishiwa, aje nayo kikaoni, na akikubaliwa anaikabidhi na inagongwa mhuri wa pili. Orodha ya Marobota iligongwa mhuri wa kwanza Jumatatu. Muthoni aliigonga kwa mkono wake. Odilia hakuikabidhi leo, maana alitoka kabla ya mapatano kufikiwa.

Ilikuwa mkobani mwake. Jina la kwanza lilikuwa la Abeli, na saini yake chini ya jina.

Jumatatu kwa Marobota. Jumatano kwa hoteli.

Kerrigan alikuwa na mabaya mengi, lakini kanuni zake alizipenda kama watu wengine wanavyopenda watoto. Alifungua kijitabu, akakisoma huku anafuata mistari kwa kidole.

"Kanuni ya sita. Mchezaji haruhusiwi kuwa katika timu mbili. Timu iliyomsajili mwisho inaondolewa, kiti kinakwenda kwa mwombaji aliyebaki. Mchezaji anafungiwa miaka miwili na kibali chake kinafutwa." Akavua miwani. "Mama, kama una karatasi hiyo, timu ya hoteli imetoka. Kiti ni chako, vibali sita. Kuandikwa kwamba mmejitoa hakutazuia, maana hakuna mwombaji mwingine. Lakini iwe mezani kabla ya saa kumi na moja kamili. Sasa ni saa kumi na dakika arobaini na nane."

Kisha sauti laini, tamu, sauti ya Shisanhang yenyewe:

"Pengyou," alisema Laoban Chen. "Lai, lai."

Sasa alikuwa anamwita!

"Njoo tuongee. Mimi natoa watu wawili kwenye timu yangu, naweka vijana wako wawili. Ndugu yako anabaki. Watatu wa kwenu wanakula. Wewe unafurahi, mimi nafurahi."

"Watatu," alisema Odilia.

"Wanne! Pengyou, wanne."

"Bwana Chen!" Kerrigan alipiga meza. "Orodha yako imefungwa. Nilishasema hapa si sokoni."

Zubeir alikuwa ameshika kichwa. "Dada Odilia, usifanye. Yule ni damu yako. Wale wengine ni watu baki, watapata njia nyingine. Yeye hana njia nyingine!"

Na mlango ukagongwa.

*

Aliyeingia ni Abeli. Aliitwa aje atie saini ya mwisho, hivyo alipanda ngazi akitabasamu, akidhani kwamba dada yake ameshatoka kikaoni. Tabasamu lilimfia palepale kizingitini.

Alikuwa amevaa jezi ya njano. Juu yake amevaa koti la mvua la kijani lililomkaa kwa taabu, mikono inaishia kwenye viwiko.

"Hilo koti la nani?" aliuliza Odilia. Msinicheke. Mtu akiumia sana huanza na dogo.

"La Msabaha," alisema Abeli. "Amenipa nisilowe."

Msabaha ni yule kijana wa Tanga. Visa yake ilikwisha mwezi wa tatu, naye hapiti barabara kubwa tangu siku hiyo. Sasa hivi alikuwa uani ananyeshewa, ili nahodha wake asilowe akienda kuwauza.

"Jumatano ulikula kwangu," Odilia alisema. "Mchana. Samaki. Ukaniomba pilipili nyingine."

"Dada..."

"Ulikuwa umeshasaini, au ulikuwa unaenda kusaini?"

Abeli alitazama zulia. "Nilikuwa nimeshasaini."

"Na ukaniacha nije hapa leo, nikavaa viatu hivi, nikapigania watu kumi, na wewe unajua."

"Ungekubali sita, dada! Ungekubali sita tu, mambo yangekuwa mazuri, ningemwambia Laoban nimebadili nia..."

"Usiniambie mimi habari ya sita. Wewe umesaini Jumatano. Mimi nimekosea leo."

Abeli aliyaona macho ya Zubeir, akaona mkono wa dada yake juu ya mkoba, akaelewa kila kitu. Aliyefundishwa biashara na Odilia huelewa upesi.

"Ile orodha unayo."

"Ninayo."

"Ukiitoa, mimi nimekwisha. Miaka miwili! Nitakuwa na thelathini na minne. Nani atamtaka mchezaji wa miaka thelathini na minne? Nitarudi kwetu na begi la nguo. Utamwambia nini mama?"

"Nisipoitoa, utamwambia nini Msabaha?"

"Msabaha si ndugu yako!"

"Koti lake umelivaa."

Huku kwetu wanaofunga mizigo wana jambo moja wasilofanyia mzaha. Robota lenye alama mbili halipakiwi. Linabaki bandarini, kila mtu anasema si lake, mpaka nguo zinaota ukungu. Odilia alimfundisha mdogo wake hilo wiki ya kwanza, pamoja na rangi ya kuandikia.

Jambo la pili alilomfundisha wiki ileile, pale Shisanhang, ni kutembea.

"Haya," alisema Abeli. Sauti ameikaza. "Fanya unavyotaka. Mimi naondoka. Ukinitaka, utaniita."

Akageuka. Akatoka. Mlango akauacha wazi kidogo.

Odilia aliujua mwendo ule. Hakuna mtu chumbani aliyeujua kama yeye, isipokuwa labda Chen, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande mmoja, anasikiliza. Kijana haondoki. Anapatana. Ameweka bei yake mezani, bei yenyewe ni dada yake, na sasa anatembea taratibu akingoja aitwe.

Hatua ya kwanza. Ya pili.

"Saa kumi na dakika hamsini na saba," alisema Kerrigan.

Ya tatu. Ya nne. Ya tano. Odilia alimkumbuka akiwa na miaka sita, amemkasirikia kwa sababu ya senene, ameondoka nyumbani na kikapu, anatembea hivihivi kuelekea migombani. Siku hiyo alimwita kwenye hatua ya pili. Hakuwahi kumwacha afike ya tatu.

Ya sita.

"Mwite," Zubeir alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamtoka mzee wa watu. "Mwite, dada yangu. Jina moja tu."

Ya saba. Ya nane. Mwendo ukapungua. Sasa alikuwa amefika kwenye lile dirisha, na kama alitazama chini, aliona turubai, na wenzake, na Msabaha bila koti.

Ya tisa.

Jina lilikuwa limeshafika ulimini mwa Odilia. Lilikuwa pale, zima, la ubatizo na la ukoo. Alifunga mdomo akalimeza.

Ya kumi.

Hatua ya kumi na moja haikusikika. Amesimama mwisho wa koridoni, mgongo umegeuka, anahesabu mpaka tatu.

Odilia akafungua mkoba. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne. Akaikunjua, akailaza mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Muthoni," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka koridoni. "Gonga mhuri."

Muthoni akaufungua wino. Akaunyanyua mhuri.

Huko nje hatua zikaanza tena. Zilikuwa zinarudi, mbio.